Kabalagala za Mdalasini: Bila Ngano Siyo Bila Sukari

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu)

Karibu tena katika kipindi chetu. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu betri ya redio imekwisha, au kwa sababu ulikuwa kwenye foleni ya maji wakati tukiwa hewani, karibu vilevile. Ukiweza, soma kwa sauti, ili na jirani asikie.

Leo tunaingia jikoni. Tutakaanga vitafunio vya mdalasini visivyo na ngano hata chembe. Lakini kabla hujaweka karai motoni, nisikilize kwanza habari ya jirani yangu, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani nikaenda hadi Jinja na Mbale.

Jirani yangu huyu ni mama wa makamo, na mimi humwita dada mkubwa. Kila alfajiri hukaanga vitafunio na kuviuza pale njia panda, watoto wakienda shule. Ndiyo riziki yake tangu mgao ulipopunguzwa. Mwaka jana akapimwa, akaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze maandazi na chapati. Akatii. Aliacha ngano kabisa, akaanza kukaanga kabalagala za ndizi na unga wa muhogo, akawa anakula nne kila asubuhi na chai. Aliniambia kwa furaha, "Mdogo wangu, mimi sasa sili ngano. Muhogo ni chakula cha asili, hauna ubaya." Kisha mtu mmoja sokoni akamuuzia kipakiti cha mdalasini, akamwambia hiyo ndiyo dawa yenyewe ya sukari. Dada mkubwa akaunyunyiza kwenye kabalagala, na vidonge akaviweka juu ya kabati.

Baada ya miezi miwili alipata kidonda mguuni. Hakikupona. Siku aliyopelekwa kupimwa, sukari ilikuwa juu sana, na muuguzi akamuuliza alikuwa akila nini. Alipomweleza, muuguzi akashika kichwa.

Mguu ulipona, tunashukuru. Lakini jioni moja alikuja kwangu akakaa kwenye jerikeni, akasema, "Basi nambie, mdogo wangu. Ngano hapana, muhogo hapana, ndizi hapana. Nifungue kinywa kwa nini? Na mimi ndiye ninayewakaangia watu wote hapa!"

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoamua kwenda kuwauliza wanawake wanaoijua kazi hii kuliko mimi.

Kwanza nilikwenda Jinja. Ukiwa sokoni Jinja utasikia Kisoga, Kiganda, na Kiswahili pia, cha madereva wa malori, cha askari, na cha sisi tuliotoka Kongo. Kabalagala zinauzwa kila mahali, zimepangwa kwenye beseni au zimefungwa kwenye mifuko midogo. (Kampala kuna mtaa mzima unaoitwa Kabalagala, ila huko watu hawaendi kwa ajili ya kitafunio.) Mama mmoja aliyekuwa akikaanga nyuma ya kibanda chake alinikaribisha nikae nitazame.

Alichukua ndizi zile ndogo tamu, zilizoiva mpaka ganda limejaa madoa meusi. Alizimenya kama sita hivi akazivuruga kwa mkono ndani ya beseni mpaka zikawa uji mzito. Maji hakuweka hata tone. "Ukiweka maji umeharibu," alisema. Akatia mdalasini kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo, kisha unga wa muhogo kidogo kidogo, mpaka ulipofika kama vikombe viwili na donge likaacha kushika mkono. Akalisukuma kwa chupa hadi likawa nene kama kidole kidogo, akakata viduara kwa mdomo wa glasi, akatia kwenye mafuta ya moto wa wastani. Moto ukiwa mkali, sukari ya ndizi inaungua nje, na ndani kunabaki kubichi. Na donge lisikae, kwa sababu ndizi huendelea kutoa maji na donge linalegea. Nilihesabu zilizotoka: ndogo ishirini.

Hizo ndizo kabalagala. Ni tamu, na kwa mtu anayedhurika na ngano ni chakula salama. Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndipo dada mkubwa alipopotea.

Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike. Kuna watu wachache ambao miili yao haiivumilii. Ugonjwa huo huitwa siliaki. Mtoto mwenye siliaki anaweza kuharisha muda mrefu, tumbo likavimba, damu ikapungua, akaacha kukua. Wenzetu wakimbizi wa Sahara Magharibi, ambao wamekaa kambini karibu na Tindouf, Algeria, tangu 1975, wanaujua vizuri. Miaka ya 1990 madaktari waliwapima watoto wao karibu 1,000, wakakuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki. Hicho ni kiwango kikubwa sana, na chakula chao kikuu kambini kilikuwa kimekuwa unga wa ngano. Kwa mtoto wa namna hiyo mkate ni sumu ya polepole, na muhogo, mahindi, mchele, mtama na ulezi ni rafiki.

Lakini usimtazame mtoto wako anayeharisha ukasema, "Redio imesema ni ngano." Kambini watoto wengi huharisha kwa sababu ya maji machafu na minyoo. Mpeleke kituo cha afya. Wala usimwachishe ngano kabla hajapimwa, kwa sababu kipimo cha damu cha siliaki husoma vizuri mtu akiwa bado anakula ngano.

Sasa kisukari ni habari nyingine. Mwenye kisukari hasumbuliwi na gluteni. Kinachompandishia sukari ni wanga, na wanga haujali umetoka kwenye ngano au kwenye muhogo. Katika gramu 100 za unga wa ngano, wanga ni kama gramu 75. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, ni zaidi ya gramu 80! Ongeza na ndizi mbivu. Kwa hesabu yangu ya jikoni, kila kabalagala ndogo ya yule mama wa Jinja ina wanga kama gramu 13. Dada mkubwa alikuwa akila nne, zake kubwa, na chai yenye sukari. Alikuwa ameacha ngano na kuongeza sukari, na hakuna aliyemweleza.

Na mdalasini? Ni kiungo kizuri, kinanukia, kinakufanya uone utamu hata sukari ikiwa kidogo. Hiyo ndiyo faida yake jikoni, nami naipenda sana. Dawa ya kisukari siyo. Watafiti wamejaribu mara nyingi, na majibu hayakuafikiana kiasi cha daktari yeyote kukwambia uache metformini yako. Anayekuuzia kipakiti na kukwambia utupe vidonge, mwambie ahsante, endelea na safari yako. Mimi hununua vijiti kwenye duka la viungo, navitwanga mwenyewe. Ule unga wa kwenye vipakiti huwezi kujua umechanganywa na nini. Na kijiko kimoja cha chai kwa beseni zima kinatosha, kwa sababu mdalasini mwingi kila siku si mzuri kwa ini.

(Muziki mfupi)

Kabla hatujatoka Jinja, neno kuhusu muhogo wenyewe, kwa sababu linaua.

Mwezi Septemba 2017, huko Kasese, magharibi ya Uganda, watu waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, baadhi yao kwenye msiba. Kutapika, kuharisha, kuumwa tumbo. Walihesabiwa wagonjwa 98, na wawili walikufa. Ilikuwa sumu ya sianidi iliyobaki kwenye unga. Muhogo mchungu una sumu hiyo kwa asili yake, na mama zetu walijua dawa yake: kumenya, kuloweka siku tatu mpaka ulainike, kuanika vizuri, ndipo kutwanga. Tatizo huja njaa inapobana, au mfanyabiashara anapokuwa na haraka, akaanika tu bila kuloweka. Huko Kongo, mkoa wa zamani wa Bandundu, watu waliokula muhogo wa namna hiyo kwa wiki nyingi bila nyama wala maharage walipata konzo. Mtu anaamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, na hairudi tena kama zamani.

Kama unga ni wako, unajua ulivyoandaliwa. Kama umeununua na huna uhakika, kuna njia iliyojaribiwa kwenye vijiji hivyo hivyo vya Kongo, nayo haina gharama. Tia unga kwenye bakuli, weka alama ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka, halafu utapanda tena. Ukirudi kwenye ile alama, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha upike siku hiyo hiyo, usiulaze. Kwa kabalagala, kumbuka unga utakuwa na unyevu, hivyo punguza ndizi. Usidhani kukaanga peke yake kunatosha. Karai haliondoi kile ambacho kuloweka hakukukiondoa.

Sasa twende Mbale.

Kutoka Jinja unapita mashamba ya miwa ya Kakira, ambako sukari inatengenezwa tangu 1930. Nilitazama miwa hiyo kupitia dirishani nikamfikiria dada mkubwa. Halafu Iganga, halafu barabara ya Tirinyi yenye mabonde ya mpunga, mpaka unapouona mwamba wa Wanale umesimama juu ya mji kama ukuta. Huko chini ya Mlima Elgon karanga na simsim zimejaa sokoni, magunia kwa magunia.

Nilimweleza shida yangu mama mmoja muuza karanga. Alicheka. "Hicho unachotafuta hakipo, mwanangu. Ila karanga ipo, mafuta yapo. Njoo kesho na mayai, tujaribu."

Mara ya kwanza tulitwanga karanga tupu, tukachanganya na yai na mdalasini, tukatia kwenye mafuta mengi. Zilisambaratika. Karai likawa supu ya chenga zilizoungua, na wajukuu wake wakatucheka. Mara ya pili tulizitwanga kupita kiasi, zikageuka siagi, hazikushikika. Mara ya tatu tuliongeza unga wa soya kidogo, tukaacha mchanganyiko upumzike, tukakaanga kwa mafuta machache. Zikashika. Zilikuwa za kahawia, zina ukoko nje, laini ndani, na harufu ya mdalasini ikawaita majirani. Andika basi, au kariri:

Karanga kavu kikombe 1 kikubwa. Zikaange kidogo bila mafuta, zipoe, toa maganda, kisha zipondeponde kwenye kinu mpaka zibaki chenga ndogo. Acha hapo, usiendelee. Unga wa soya nusu kikombe, uwe wa soya iliyokwisha kukaangwa, kwa sababu soya mbichi huumiza tumbo. Wanaouza unga wa uji wanao, uliza. Mayai 2. Mdalasini kijiko 1 cha chai. Chumvi kidogo. Na ndizi ndogo nusu, iliyoiva sana, kwa ajili ya utamu na kushikisha. Sukari usiweke.

Changanya, funika, acha robo saa ili soya inywe unyevu. Ikiwa bado laini, ongeza soya kijiko. Ikiwa kavu, maji kijiko. Lowesha viganja, finyanga viduara 12 vyembamba. Tia mafuta kwenye kikaango kiasi cha kufunika chini tu, moto mdogo, na ugeuze mara moja baada ya upande wa chini kukaza. Karanga huungua upesi kuliko unga, kwa hiyo usiende kuzungumza na mtu langoni. Kaangia nje, si ndani ya turubai. Watoto wasicheze karibu, na mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko au tupia mchanga. Maji kamwe.

Kila kikate hapo kina wanga kama gramu 4. Linganisha na 13. Vitatu na chai isiyo na sukari vinashibisha hadi mchana, maana karanga na mayai hukaa tumboni. Vitatu, si kumi! Mafuta ya karanga ni mengi, nayo hunenepesha.

Chagua karanga vizuri. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu, tupa, hata kama inauma kutupa chakula. Ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Ndiyo maana nasema ununue nzima, usinunue zilizokwisha kutwangwa. Kuna pia watu ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Ukiwauzia watoto wa watu, sema wazi kwamba humo mna karanga. Na kama unampikia mwenye siliaki, tumia mafuta mapya na kikaango kisafi. Mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi yana ngano ndani yake.

Sasa wewe unayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, subiri kidogo. Ukipunguza wanga ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno. Utatetemeka, utatoka jasho, utaona kizunguzungu, unaweza kuzimia. Mweleze muuguzi kwanza kwamba unataka kubadili chakula cha asubuhi. Ikikutokea, kunywa maji yenye sukari mara moja, kisha ule. Najua pia kuna siku ambazo chakula chenyewe hakipo. Siku hizo hasa, nenda ukaulize kuhusu dozi yako, usikisie.

Kuna jambo sitakuficha. Mayai mawili na kikombe cha karanga ni ghali kuliko unga wa muhogo. Nilipomletea dada mkubwa maelezo haya, hilo ndilo alilouliza kwanza. Tukahesabu pamoja. Hawezi kula hivi kila siku. Basi ameamua hivi: siku tatu za wiki vikate vya karanga, siku nyingine maharage ya jana bila ugali, au kabalagala moja tu ndogo na yai la kuchemsha. Ana kuku wawili sasa nyuma ya nyumba. Na vidonge vimeshuka kutoka juu ya kabati, viko kando ya birika ya chai, anapoviona kila asubuhi.

Anaendelea kukaangia watu kabalagala pale njia panda. Juzi ameanza kuweka vikate sita vya karanga kwenye bakuli la pembeni. Wazee wawili wa mtaa wa pili, wote wenye kisukari, huja kuvichukua kabla jua halijapanda, na mmoja huleta karanga zake mwenyewe ili alipe nusu bei.

Wiki iliyopita msikilizaji mmoja aliuliza kama unga wa mahindi wa mgao unaweza kuchukua nafasi ya soya. Unashika, ndiyo, na gluteni hauna. Lakini wanga wake ni mwingi kama wa ngano, hivyo kwa mwenye siliaki ni sawa, kwa mwenye kisukari weka vijiko viwili tu, visizidi. Mwingine aliuliza kuhusu ule unga wa mahindi na soya wanaopewa watoto wadogo na mama wajawazito. Huo muachie mtoto, baba. Ni wake.

Maswali yako mengine yaandike, uyaache kwenye sanduku letu au umpe mtangazaji wa kituo chako. Tukutane wiki ijayo, saa ile ile.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho)